Babu alifungwa, nami ndiye niliyepewa kitabu cha ukoo

BARUA

Assalamu alaikum mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, nina miaka 41. Mwaka jana jamaa zetu walikubaliana kiandikwe kitabu cha ukoo, kigawiwe siku tutakapokutana sote, wa hapa, wa Lamu, wa Unguja na wale walioko Ghuba na Uingereza. Kazi nikatwikwa mimi kwa kuwa napenda kukaa na wazee na kuwauliza.

Tatizo langu ni baba yake bibi, yule bibi aliyemzaa mama yangu. Nitamwita Babu tu. Sote tumelelewa na hadithi zake mbili. Ya kwanza ni kuwa alikuwa karani wa forodha, mtu wa heshima, na kwamba wakati wa vita vya Mjerumani alikwenda Unguja akasoma miaka miwili. Ya pili ni kuwa alipokuwa huko, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilichukuliwa na jirani kwa hila. Ukoo wa jirani huyo upo mpaka leo. Sisi tumekuzwa hatuwaamkii. Arusi zao hatuendi, na wakifiwa tunatuma mtu mmoja akakae barazani nusu saa arudi.

Bibi alipofariki niliachiwa sanduku lake la mbao. Chini kabisa, ndani ya bahasha, nimekuta karatasi moja ya Kiingereza iliyopigwa taipu. Juu ina namba 2, kwa hiyo ya kwanza haipo, na kama kulikuwa na nyingine baada yake haipo pia. Kona moja imechanika, nadhani ndiyo iliyokuwa na tarehe. Inataja Supreme Court of Kenya. Inasema kwamba mkata rufaa, na hapo lipo jina la Babu na la baba yake, alikuwa karani, alikabidhiwa Shs. 640/- za mwajiri wake, fedha hazikuonekana, na hakimu wa Mombasa akamtia hatiani chini ya "Sec. 408 I.P.C." na kumhukumu "2 yrs. R.I." Kisha jaji anaanza kueleza maneno ya shahidi wa pili, na ukurasa unakatika katikati ya sentensi.

Miaka miwili! Hapo nikaelewa kila kitu. Unguja hakwenda. Alikuwa Ngomeni, yaani Fort Jesus, gerezani, mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni kwake. Nyumba haikudhulumiwa na mtu, iliuzwa ili deni lilipwe. Na sisi tumewanunia watu wasio na makosa miaka yote hii.

Nikampigia mjomba, ana miaka 72, ndiye mkubwa wetu. Alinyamaza, halafu akasema nichome. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na wewe si mwosha." Akanikumbusha kuwa anayemsitiri Muislamu mwenzake naye Mungu humsitiri. Nilimjibu vibaya, nikamwambia amewasingizia watu maisha yake yote. Tangu siku hiyo salamu zetu ni za juu juu. Binamu yangu wa Uingereza naye anavuta upande wa pili: anataka nipige picha karatasi niitume kwenye grupu la WhatsApp la familia, na anasema atakwenda mwenyewe Kew, London, kwenye kumbukumbu za taifa za Uingereza, atafute faili.

Lakini yupo bibi mdogo, mtoto pekee wa Babu aliye hai. Ana miaka 88 na presha. Kila nikenda kumtazama ananihadithia baba yake na masomo ya Unguja. Hajui lolote. Namsikiliza huku najiona mnafiki.

Rasimu ya kitabu tayari ina ukurasa mzima kuhusu "nyumba tuliyodhulumiwa", kauandika mjomba, na jina la ukoo wa jirani limo. Mkutano ni baada ya Idi ya kuchinja. Je, niache hapa au niendelee kutafuta? Nikiendelea nianzie wapi, nami hata mwaka siujui? Na bibi mdogo nimwambie?

Mjukuu wa Kibokoni, Mombasa

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Pole kwa mzigo, na hongera kwa kutoichoma. Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: kama Babu alikuwa na hatia, kama ukoo wako umewaonea majirani, na nani mwenye haki ya kujua. Umeyafunga pamoja kwa sababu ya ile "miaka miwili" kulingana na miaka miwili ya Unguja. Ningependa tulifungue fundo hilo kwanza, maana ugomvi wako na mjomba umesimama juu yake, na karatasi uliyonisimulia haisemi yote unayoisemesha.

Tuanze na mwaka, unaodhani huujui. Karatasi yako inaujua zaidi kuliko unavyofikiri. Fedha zimeandikwa kwa shilingi. Pwani na bara yetu ilitumia rupia mpaka 1920, ikaja florini iliyodumu muda mfupi sana, kisha shilingi kuanzia 1921. Mahakama inajiita ya Kenya, na kabla ya 1920 nchi hii haikuitwa hivyo, ilikuwa East Africa Protectorate. Kisha kuna hizo herufi I.P.C. Hiyo ni Indian Penal Code, sheria ya jinai ya India ambayo Waingereza waliileta huku tangu 1897 na kuitumia mpaka Kenya ilipopata kanuni yake ya adhabu mwaka 1930. Kwa hiyo kesi hii imekaa kati ya 1921 na 1930 au karibu sana na hapo. Vita vya Mjerumani huku kwetu viliisha Novemba 1918.

Unaona tunapofika? Kama hadithi ya wazee ina ukweli wowote kuhusu wakati, safari ya Unguja ilitangulia kesi kwa miaka mitatu angalau, pengine kumi. Inawezekana alisoma Unguja kweli, na baadaye akashtakiwa kweli. Inawezekana pia wazee walisogeza tarehe makusudi ili pengo lizibike. Sisemi ni ipi. Nasema tu kwamba miaka miwili kulingana na miaka miwili si ushahidi.

Sasa hiyo 408. Wanaosoma mafaili ya zamani hukimbilia hukumu na kuruka namba ya kifungu, kumbe namba ndiyo inayosema mtu alikuwa nani. Katika sheria ile wizi wa kawaida ulikuwa 379, kupokea mali ya wizi 411, kuua 302. Kula amana kuligawanywa kwa ngazi: 406 kwa mtu yeyote, 408 kwa karani au mtumishi wa mwajiri fulani, 409 kwa mtumishi wa serikali, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na adhabu kali kupita zote. Karani wa forodha aliyekula fedha za forodha kwa kawaida angeshtakiwa kwa 409. Aliyeshtakiwa kwa 408 kwa kawaida alikuwa karani wa duka, wa kampuni ya meli, wa tajiri wa nazi au pembe. Basi ama Babu hakuwa tena forodhani wakati huo, ama hakuwahi kuwa, ama mtu wa kwenye karatasi siye yeye.

Najua utasema jina ni lake na la baba yake. Dada yangu, Mombasa ya miaka ile ilikuwa na akina Ali bin Salim na Mohamed bin Ahmed wangapi? Karani wa mahakama aliandika alivyosikia: Athman, Othman, Uthman na Asmani wanaweza kuwa mtu mmoja, na Athman bin Ali wawili wanaweza kuwa watu wawili waliokaa mtaa mmoja. Kwamba karatasi ilikuwa sandukuni mwa bibi ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini watu huweka pia karatasi za shemeji, za mtu waliyemdhamini, hata za kesi ambayo wao ndio waliokuwa mashahidi. Kabla hujasema "ni yeye", tafuta angalau vitu viwili vingine vinavyolingana na ambavyo havikutoka katika chanzo kimoja: mtaa, umri, jina la mwajiri, jina la mdhamini. Safu ya kabila usiitegemee. Mtu wa Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, aliweza kuandikwa "Swahili" leo na "Arab" kesho, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa na mvutano mkubwa wa kodi na heshima wakati ule.

Kubwa kuliko yote ni hili: unachoshika mkononi ni ukurasa wa pili wa hukumu ya rufaa. Majaji wa rufaa huanza kwa kueleza kilichoamuliwa chini, kisha ushahidi, kisha uamuzi wao. Kwa hiyo ile miaka miwili ya kazi ngumu, ndiyo maana ya R.I., ni neno la hakimu wa chini. Neno la jaji liko ukurasa wa tatu au wa nne, ambao huna. Anaweza kuwa ameitupa rufaa. Anaweza kuwa amepunguza kifungo, amekibadili kifungu kuwa chepesi zaidi, au amefuta hatia yote Babu akatoka huru. Wapo pia waliopewa dhamana wakisubiri rufaa. Fort Jesus ilikuwa gereza tangu 1895 mpaka 1958, hilo ni kweli, na mfungwa wa Mombasa kupelekwa Ngomeni ni jambo la kutarajiwa. Ila ukurasa wako hautaji gereza lolote. Hapo umeongeza wewe.

Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, itazame karatasi yenyewe upya. Ipeleke dirishani, mwanga uingie kwa ubavu, utaona alama za taipu zilizofifia na pengine namba ya kesi iliyoandikwa kwa penseli. Igeuze. Nyuma ya nakala za mahakama mara nyingi huwa kuna muhuri, stempu za ada, au maneno kuwa ni nakala halisi, pamoja na tarehe ya kutolewa. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu hulipia nakala akiwa na haja nayo. Ikiwa ilitolewa wiki chache baada ya hukumu, aliyeiomba huenda alikuwa wakili. Ikiwa ilitolewa miaka baadaye, kuna aliyekuwa anathibitisha jambo kwa mtu, na aliyefungwa kihalali hana sababu kubwa ya kununua na kuhifadhi uthibitisho wa aibu yake. Lakini hilo nalo ni dhana, lichukue hivyo. Piga picha mbele na nyuma, andika ilikutwa wapi na pamoja na nini, kisha itie ndani ya bahasha ya karatasi safi. Usiilamineti, na selotepu usiiguse nayo hata kidogo: gundi yake hugeuka kahawia, hupenya, na herufi huondoka nayo.

Ukiamua kuendelea, njia zipo, ingawa hazilingani.

Iliyo karibu ni mahakama yenyewe, kwani ile Supreme Court ya wakati wa ukoloni ndiyo Mahakama Kuu ya leo. Andika barua kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, Mombasa, ueleze kuwa unatafuta rufaa ya jinai ya miaka ya 1920, utaje jina kwa tahajia zote unazozifikiria, kifungu, kiasi cha fedha na uhusiano wako na marehemu. Usiombe "faili" tu. Omba rejista ya rufaa za jinai ya miaka hiyo, kwa sababu mafaili ya mahakama za chini yalikuwa yakiteketezwa baada ya muda kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi, ilhali rejista huishi muda mrefu zaidi, na mstari mmoja wa rejista unaweza kukupa namba, tarehe na matokeo. Kesi zitakuwa zimeandikwa "Rex v.", yaani Mfalme dhidi ya, kisha jina, na jina huenda limepangwa kwa herufi ya Babu au ya baba yake, basi tazama kote kuwili.

Wakikwambia vitabu hivyo vilishapelekwa, vinakotarajiwa ni Kumbukumbu za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa Bank of India. Idara hiyo ina kituo cha kanda hapo Mombasa pia, anza nacho uokoe nauli. Nairobi utahitaji kitambulisho, ada ya kujisajili, na penseli badala ya kalamu ya wino. Waombe orodha za mafaili ya mahakama na ya Mwanasheria Mkuu kwanza. Yale ya PC/COAST na DC/MSA, yaani ya mkuu wa mkoa na wa wilaya, ni mazuri kwa kujua mji ulivyokuwa, lakini mfungwa wa kawaida ni nadra kutajwa humo kwa jina. Wengi hupoteza siku nzima wakisoma ripoti za mwaka za wilaya na kutoka na idadi ya mikoko iliyokatwa.

Magazeti yasisahaulike. Mombasa Times na East African Standard yaliripoti kesi za mahakamani, na kula amana kwa karani ilikuwa habari iliyopendwa. Nakala za zamani utazipata Kumbukumbu za Kitaifa na Maktaba ya McMillan, Nairobi. Hatari yake ni kwamba gazeti lilishangilia siku ya hukumu ya kwanza na mara nyingi halikurudi kueleza rufaa iliishaje. Ukipata kipande cha gazeti peke yake, utakuwa na nusu ileile uliyo nayo sasa. Zipo pia juzuu za ripoti za sheria za Kenya, KLR, zenye hukumu za miaka hiyo. Ziliingizwa kesi zenye hoja ya kisheria tu, lakini kupekua faharasa ni kazi ya asubuhi moja katika maktaba ya sheria.

Binamu yako mwambie asikimbilie Kew. Barua za koloni ziko huko, mfululizo wa CO 533, na magazeti rasmi ya serikali CO 542, ila karani wa shilingi 640 hafiki London isipokuwa aliandika ombi la rehema kwa Gavana au kwa Waziri wa Makoloni likapelekwa. Kifungo cha miaka miwili hakikuwa jambo la kuwaandikia wakubwa.

Nyumba ni habari nyingine kabisa, na hapo nakuomba uende taratibu. Umesema iliuzwa kulipa deni. Nani kakwambia? Karatasi haigusi nyumba. Pwani yetu ina bahati moja: kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908 wenye mali walitakiwa kupeleka madai yao, yakasikilizwa na kuandikwa. Hivyo ukiwa na namba ya ploti, ofisi ya ardhi ya Mombasa inaweza kuwa na mnyororo wa hati: nani alidai kwanza, nani aliuza au kuweka rehani, kwa kiasi gani na tarehe gani. Upekuzi wa kawaida utakuonyesha mwenye mali wa sasa tu. Eleza kwa barua kuwa unataka kumbukumbu za zamani. Tarehe ya hati ndiyo itakayokujibu. Ikiwa nyumba ilihama wiki au miezi karibu na kesi, dhana yako inapata miguu. Ikiwa ilihama 1915, si deni wala si kesi hii, na hadithi ya mjomba huenda ina punje. Nazo rehani za zama zile zilikuwa na mitego yake, mtu aliweza kuchukuliwa nyumba kwa karatasi iliyo halali na bado akahisi amedhulumiwa, wala asiwe mwongo.

Hatari ya njia hii ni mji wenyewe. Mombasa mtu akionekana anafukua hati ya nyumba ya mwenzake, kabla ya magharibi ishasemwa kuwa anadai. Kisheria madai ya ardhi yana mwisho wa miaka 12, kwa hiyo hakuna wa kunyang'anywa kitu, lakini majirani hawatangoja kusomewa sheria. Fikiri kama ungependa wasikie kutoka kwako au kutoka kwa mtu wa barazani.

Sasa mjomba. Umemwona kama mtu anayeficha uongo. Je, ulimuuliza anajua nini? Aliyesema "nichome" papo hapo, bila kuuliza karatasi gani, huenda alishaisikia habari hiyo utotoni kwa sharti la kunyamaza. Basi amebeba siri kwa miaka sitini, na wewe ukampigia simu ukamwambia ni msingiziaji. Au hajui kitu, ameshtuka tu. Hizi ni hali mbili tofauti na kila moja ina mazungumzo yake. Hoja yake ya sitara ni ya kweli, usiidharau, kumsitiri mtu ni jambo kubwa katika dini. Lakini nawe una hoja kutoka kisima hichohicho: majirani nao ni watu, na kuwatuhumu kwa jambo lisilo na ushahidi ni kuvunja haki ya watu. Mnaweza kukaa juu ya jambo hili kama watu wawili wanaoogopa dhambi moja, au mkamtafuta sheikh mnayemwamini nyote awasikilize. Nenda kwake kwa miguu, si kwa simu. Ukianza na "nisamehe nilivyokujibu, karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja na mwisho wake haupo," nadhani mlango utafunguka zaidi ya ukianza na haki ya ukweli.

Ukiona huwezi, njia ya kuacha hapa ipo na si woga. Unaifunga bahasha, unaandika juu yake ulichokikuta na tarehe, unaikabidhi kwa mtu mmoja wa kizazi cha chini yako. Gharama yake ni kuwa wazee wanaokumbuka mitaa na majina wanaondoka, na atakayeifungua miaka thelathini ijayo hatakuwa na wa kumuuliza. Njia ya binamu, ya kuitupa kwenye grupu, ina gharama isiyorudishika: picha ikishatoka huwezi kuiita, na itasomwa na vijana watakaoona "2 yrs" bila kujua rufaa ni nini. Huenda siku ikafika ya wote kuona. Ikifika, iwe na kurasa zote.

Bibi mdogo unasema hajui lolote. Una hakika? Alizaliwa miaka kadhaa baada ya kesi, hakuona. Lakini amelelewa katika nyumba hiyohiyo, na dada yake ndiye aliyeiweka karatasi chini ya sanduku. Wanawake wa nyumba zetu wanajua mengi wasiyoulizwa. Anapokuhadithia habari za Unguja kila mara, yaweza kuwa ndilo analolijua, au ndilo aliloamua kulisema. Huna haja ya kumtega wala ya kumshtua. Muulize maswali ambayo ungemuuliza hata kama karatasi isingekuwepo: baba alikuwa akifanya kazi kwa nani, alitoka kazini lini, alikaa mtaa gani kabla ya kuhamia hapa, rafiki zake walikuwa nani. Jina la mwajiri likitoka kinywani mwake ndiyo moja ya zile alama mbili unazozitafuta. Akisita, badilisha mazungumzo, mpe chai. Akikuuliza yeye, "Kwani umesikia nini?", hapo utaamua wewe kwa kumtazama. Unaweza kumwambia umekuta karatasi ya zamani ya mahakama yenye jina linalofanana na la baba, na hujajua maana yake. Maneno hayo ni ya kweli yote. Mwombe binti yake awepo, na presha yake iwe imepimwa siku hiyo.

Kuhusu kuficha na kujiona mnafiki: kutomwambia mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hujalithibitisha sioni kuwa ni unafiki. Ungelithibitisha kisha ukamtazama usoni ukaipamba hadithi ya Unguja, hapo ningekaa nawe tukazungumza tena.

Kitabu hakina haja ya kungoja haya yote, wala hakilazimiki kuyabeba. Sura ya Babu inaweza kuchapishwa na mnayoyajua: majina, ndoa, watoto, mahali alipozikwa, na mstari kuwa habari za kazi yake zinaendelea kutafutwa. Inaweza kutajwa kesi, iwapo mtaipata yote na wazee wakaridhia, kwa sentensi mbili kavu zenye mwaka, mahakama na matokeo, bila sifa wala laana. Inaweza pia kungoja toleo la pili. Nyinyi ndio mtakaoishi nacho. Kwenye ule ukurasa wa nyumba tu ndipo nina maoni makali: ukurasa huo unataja ukoo ulio hai na kuutuhumu kwa maandishi, na hakuna aliyeiona hati. Simulizi ya barazani na kitabu kilichochapishwa si kitu kimoja, hata mbele ya mahakama. Ungemwomba mjomba auandike upya kama simulizi ya wazee, jina la watu liondolewe, mpaka tarehe ya hati ijulikane. Hilo anaweza kulikubali bila kukubali neno hata moja kuhusu Ngomeni.

Barua ya Naibu Msajili ukiiandika, weka nakala yako na uombe muhuri wa kupokewa, kisha uifuatilie mwenyewe kaunta. Wakipata rejista lakini hawana faili, omba wakuandikie hivyo kwa barua yenye namba ya kesi. Kumbukumbu za Kitaifa watakuhudumia haraka zaidi ukiwa na namba hiyo mkononi kuliko ukiwa na jina peke yake.